Kadi ya Old Judge imegandia kwenye albamu, niiloweke maji?

SWALI: Habari kaka mtaalamu, mimi niko huku Ohio. Nimenunua albamu ya zamani kwenye mnada wa vitu vya marehemu, ndani kuna kikadi kidogo cha kahawia, jamaa ana masharubu kashika gongo la besiboli, chini imeandikwa OLD JUDGE CIGARETTES, Goodwin & Co., New York. Imebandikwa na gundi kwenye ukurasa, rafiki yangu anasema niiloweke itoke yenyewe. Kuna na picha nyingine kubwa kidogo ya timu nzima, haina majina, nyuma ina stempu, muuzaji alidai hao ndo waanzilishi wa mchezo. Ni orijino au nimepigwa?

JIBU: Dada yangu, hayo maji mwaga kabisa, na huyo rafiki mwambie akaloweke maharage. Hiyo kadi, kama ni ya kweli, haijachapwa kwa wino, ni picha halisi iliyosafishwa kwenye karatasi nyembamba mno yenye utando wa ute wa yai halafu ikabandikwa juu ya kipande cha kadibodi, kwa hiyo ukiloweka gundi mbili zinalainika kwa pamoja, ile ya albamu na ile inayoshika picha yenyewe, na karatasi ya aina hiyo ikibanduka inajikunja hapo hapo na utando unaanza kupasuka nyufa ndogo ndogo. Hapo hata mimi sina la kukusaidia.

Sasa uorijino. Chukua lenzi ya kukuzia, hata ya bei rahisi, angalia shavu la huyo jamaa. Ukiona vidoti vidoti vimejipanga, hiyo imetoka mashine ya uchapaji, ni kopi. Picha ya ute wa yai haina vidoti, kivuli kinatoka cheusi kwenda cheupe taratibu, na ukitulia utaona nyuzi za karatasi zenyewe kwa chini maana utando ni mwembamba. Halafu zima taa, washa ile tochi ya zambarau wanayokagulia noti. Karatasi nyingi za kuanzia miaka ya 1950 zimetiwa dawa ya kung'arisha, zinawaka bluu-nyeupe, karatasi ya karne ya 19 inabaki imefifia tu. Isipowaka sio ushahidi kamili, kuna wajanja wanatumia karatasi kuukuu, ila ikiwaka, pole.

Pima na saizi, inatakiwa iwe kama sentimita 3.7 kwa 6.3, inaweza kupishana kidogo. Na angalia mpira! Goodwin walitoa kadi hizi ndani ya paketi za sigara kuanzia 1886 hadi 1890, na nyingi zilipigwa studio mbele ya pazia lililochorwa, kamera za enzi hizo hazikuweza kumkamata mtu anakimbia, kwa hiyo mpira ulining'inizwa kwa uzi na mchezaji akajifanya anaudaka. Kwenye kadi nyingi huo uzi unaonekana kabisa, mimi huwa nacheka kila nikiuona.

Thamani inategemea ni nani, soma jina. Wachezaji ni zaidi ya 500 na mapozi yanafika maelfu, wengi wao ni wa kawaida tu. Ukikuta Cap Anson amevaa jezi, kaa chini kwanza, maana wengi wanaye wa suti na wa jezi ni adimu kupindukia. King Kelly naye kuna kadi zimeandikwa $10,000 Kelly, ndo bei ambayo klabu ya Boston ilimnunulia kutoka klabu ya Chicago mwaka 1887.

Kuitoa kwenye ukurasa sikushauri. Nyuma ya Old Judge hakuna maandishi, ni tupu, kwa hiyo hakuna cha kusoma huko. Acha ukurasa mzima kama ulivyo, na ukiona lazima itoke mpe fundi wa kuhifadhi karatasi aukwangue ukurasa kwa nyuma, tabaka kwa tabaka, pakavu.

Hiyo ya timu ndo imenisisimua zaidi. Stempu ya kodi kwenye picha ilidaiwa Marekani kuanzia Septemba 1864 hadi Agosti 1866 tu, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe na baada kidogo, kwa hiyo kama stempu ilibandikwa hapo tangu mwanzo umepata tarehe bure. Mpiga picha alitakiwa aifute kwa kalamu, angalia kama mstari wa wino umevuka stempu ukaingia kwenye kadi, ukikatikia ukingoni huenda stempu imehamishwa. Ila "waanzilishi" ni neno la muuzaji. Kila kundi la wanaume wenye masharubu siku hizi linaitwa waanzilishi, maana picha ya timu ya Brooklyn Atlantics ya 1865 iliuzwa dola 92,000 mwaka 2013 na tangu hapo kila mtu anatafuta ya kwake. Bila jina la klabu, herufi kifuani au jina la mpiga picha, hiyo ni timu isiyojulikana, inauzika lakini sio kwa bei hiyo.

Nitumie picha ya mbele na nyuma, rula ikiwa pembeni, upige mchana karibu na dirisha bila flashi.