Ujuzi wa Mwanajeshi Usiishie Langoni

Swali lenu la juma hili lilikuwa: ni shida gani kubwa zaidi inayomkabili mwanajeshi anaporudi uraiani? Wengi, nadhani, watataja pensheni. Mimi ninasimamia karakana ya injini za boti hapa Mombasa, na ninaona kwamba shida kubwa ni ujuzi usio na cheti ambacho mwajiri wa kiraia anakitambua.

Jeshi la Wanamaji la Kenya, lililoundwa mwaka 1964, lina makao yake Mtongwe, ng'ambo ya kivuko cha Likoni, na ndiyo maana mji huu haukosi mafundi wa mitambo, wa umeme na wa kuchomelea waliostaafu wakiwa bado na nguvu zao. Mmoja wao aliomba kazi ya ufundi katika kampuni fulani, akajibiwa kwamba kwa mtu aliyetoka jeshini nafasi iliyopo ni ya usoja, yaani kukaa langoni. Sasa yuko kwangu. Kabla ya kufungua pampu hutandika kitambaa cheupe, akazipanga nati kwa mfuatano zilivyotoka, kisha akaandika daftarini saa ambazo injini imefanya kazi. Vijana wangu wameiga, na siku hizi hakuna anayepiga magoti chini ya meza akitafuta nati.

Sidharau mizigo mingine. Wapo waliopelekwa Somalia tangu mwaka 2011 na waliopoteza wenzao katika mashambulizi ya kambi za El Adde na Kulbiyow huko, ambao jirani huwauliza mbele ya watoto wao wameua watu wangapi. Huo ni utovu wa adabu wetu sisi raia, na tunaweza kuuacha leo.

Kuhusu kazi, ipo sheria ya mwaka 2022 inayowahusu wanajeshi wastaafu, lakini mwajiri wa Shimanzi, eneo la viwanda hapa Mombasa, akifungua bahasha ya maombi anatafuta vyeti. Mtihani wa ufundi wa serikali, kuanzia daraja la tatu hadi la kwanza, upo miaka mingi. Naomba kila fundi wa jeshi aufanye kabla hajavua magwanda, akiwa bado katika karakana anayoizoea, na muda wa baharini wa mabaharia uhesabiwe wanapoomba vyeti vya meli za biashara. Wenye karakana nasi tualikwe tuwaone wakiwa kazini, tuwaajiri kwa tulichokiona. Mimi nitapanda feri siku yoyote nitakayoitwa.