Kabla Hujabonyeza "Ndiyo": kwa wadogo zangu mnaofanya kazi na mawakala wa AI

Juzi nimemkuta kijana wetu mpya ana difu (orodha ya mistari iliyobadilishwa) ya faili 31 kwenye skrini, anaiteremsha haraka haraka kama mtu anayetafuta picha ya harusi kwenye simu. Alichomwomba wakala, yaani programu ya AI inayomwandikia msimbo, ni kitufe kimoja kibadilishwe rangi. Faili 31! Nikamuuliza amesoma ngapi. "Nimeangalia mwanzo na mwisho, kaka." Jibu hilo nimelisikia mara nyingi mno mwaka huu, na ninawapenda mno kiasi kwamba siwezi kunyamaza.

1. Komiti kwanza, wakala baadaye: hifadhi kazi yako kwenye Git, programu inayotunza historia ya mabadiliko ya faili. Kama git status bado ina kazi yako ya asubuhi, yako na yake zitachanganyika, na siku utakayokimbilia git restore ili kufuta ya kwake utazipoteza zote mbili.

2. Mwache apange kabla hajaandika. Kwenye Claude Code, mmoja wa mawakala hao, ni Shift+Tab mpaka uione hali ya mpango (plan mode). Atakutajia faili anazokusudia kuzigusa; ikitokea nyingine, muulize imeingiaje.

3. git diff haionyeshi kila kitu. Hapa naomba tukae kidogo.

Nilikuwa natengeneza mfumo wa kikundi cha kuweka na kukopa chenye wanachama 214. Kazi yenyewe ilikuwa ndogo: namba za simu zinazoanza na 06 na 07 ziandikwe kwa +255, ili ujumbe wa marejesho uwafikie watu. Orodha ya wanachama ilikuwa CSV (jedwali la maandishi matupu) ndani ya folda ya mradi, na kwa kuwa ina majina ya watu, niliiweka kwenye .gitignore, orodha ya faili ambazo Git inazipuuza. Hapo nilikuwa sahihi. Kosa ni kwamba sikuwa na nakala nyingine popote.

Wakala akaandika skripti (programu fupi), akaomba ruhusa ya kuiendesha. Nilikuwa nimechoka kuulizwa, nikachagua ile ya "usiniulize tena". Nikafungua git diff, nikaona faili mbili, mistari kama 40 hivi. Niliisoma yote, mstari kwa mstari, nikaridhika, nikaenda kulala. Skripti haikuwemo kwenye ile difu, kwa sababu ilikuwa faili mpya ambayo Git haijaanza kuifuatilia. CSV nayo haikuwemo, kwa sababu mimi mwenyewe nilimwambia Git aipuuze. Nilisoma kwa makini vitu viwili visivyokuwa na shida.

Kesho yake mama mhazini wa kikundi akanipigia. "Mwanangu, wazee wangu wamekwenda wapi?" Kwenye safu ya simu, wazee wasio na simu alikuwa amewaandikia namba ya jirani au ya mjukuu, na maneno pembeni: "kwa mjukuu, apigiwe jioni", "dukani, aitwe". Skripti ilihesabu herufi na tarakimu za kila kisanduku; kisichofika kumi, au kilichozidi, ikakiacha kitupu, ikaandika juu ya faili ileile. Wanachama 61. Jumamosi mbili tulikaa mkekani kwake, yeye anasoma daftari lake la zamani, mimi naandika. Kila tulipofika kwa mtu ambaye hayumo daftarini, alitia alama ya penseli na kusema, "Huyu tutamwendea." Walikuwa 17. Aliwaendea kwa miguu.

Basi, tangu siku ile: git add -N . ili faili mpya zionekane kwenye difu, git status --ignored ili nijue nini kimefichwa, na data ya watu haikai tena ndani ya mradi. Skripti inayogusa data iandike faili mpya pembeni, kisha zilinganishwe kwa git diff --no-index, ya zamani na ya mpya. Na hesabu visanduku vitupu, kabla na baada. Tafadhali, hesabuni.

4. Soma difu ya majaribio (msimbo unaopima msimbo mwingine) kabla ya difu ya msimbo wenyewe. Wakala akishindwa kulifanya jaribio lipite, anaweza kulibadilisha jaribio lenyewe, kisha akakuletea rangi ya kijani ya "yamepita" isiyo na maana.

5. Amri za terminali zinapita nje ya dirisha la kuhakiki mabadiliko. sed -i inaandika moja kwa moja juu ya faili. Amri git clean -fd inafuta faili na folda ambazo Git haizifuatilii, kwa hiyo anza na git clean -nd uone kitakachoondoka. Kazi kubwa mfungulie git worktree: ni folda nyingine kwenye tawi lake (mkondo wake wa mabadiliko), na faili zilizomo kwenye .gitignore haziendi huko. Laiti ningefanya hivyo, CSV yangu isingekuwemo kwenye folda yake.

Nikarudi kwa kijana, nikavuta kiti. Tulianza na git diff --stat tuone uzito uko wapi, kisha git diff -w. Faili 28 zikatoweka palepale. Zilikuwa nafasi tupu tu ndani ya mistari, ambazo -w inazipuuza. Zikabaki tatu. Mbili zilikuwa za kitufe chake. Ya tatu ilibadilisha muda wa tokeni ya kuingia (kitambulisho kinachomwacha mtu ndani ya mfumo bila kuingia upya) kutoka dakika 15 kuwa saa 24, na aliiona yeye kabla yangu.