Chai ya saa nne

Doto mwanangu,

Sisi huku hatujambo. Mguu wa baba yako umepungua kuvimba, na Kulwa bado anagombana na wenye mitumbwi kule Mwaloni kama kawaida yake. Ujumbe wako nimeupata. Umemaliza chuo, umepata kazi hapo Musoma kwenye ofisi ya wakaguzi wa hesabu, na kila ikifika saa nne mkubwa wako anakutuma chai na vitumbua vya ofisi nzima, wakati yule kijana mlioajiriwa naye siku moja amekaa na kompyuta yake. Unauliza ukatae, au uvumilie mpaka muda wa majaribio uishe. Jibu la jambo hili halienei kwenye simu, ndiyo maana nimechukua karatasi.

Kabla ya chai, wamekupa mkataba? Maana katika yote uliyoandika mkataba sijauona. Umetaja vitumbua, umetaja kiyoyozi, umetaja mpaka jinsi yule mama wa masijala anavyokutazama viatu. Mkataba hamna. Wino kwanza, Doto, mengine baadaye. Najua umelisikia hili tangu hujajua kusoma, na Kulwa siku hizi hunimalizia kabla sijafika mwisho. Mwache anicheke.

Mimi niliingia kiwanda cha samaki mwaka ule meli ya MV Bukoba ilipozama, 1996, mji mzima ukiwa bado kwenye msiba. Waliniweka mapokezi. Boti la barafu likishusha sangara, unamchomeka kipimajoto, unaandika, unapima uzito, unasukuma kreti kwa wachuna minofu. Nilikuwa na gambuti na koti jeupe, nikajiona karani kamili. Lakini kwenye daftari la getini nilikuwa kibarua kama wale wa mapanki, ile mifupa inayobaki minofu ikishatolewa. Kila asubuhi mlinzi anatuita majina, na daftari lenyewe liliandikwa kwa penseli. Wote tulikuwa tunaliona.

Siku moja nikamfuata msimamizi, nikamwomba barua ya ajira. Nilimfuata kwa adabu, mikono nyuma, kama alivyonifundisha bibi yako. Akanijibu kwa sauti ya kusikika mpaka chumba cha barafu: "Barua ya nini? Unakwenda kuolewa nayo?" Watu wakacheka. Wanawake wenzangu ndio walicheka zaidi, na mmoja wao mnamfahamu vizuri, Krismasi huwa anatuletea kuku. Sitamtaja. Kuku wake namla.

Halafu ikaja 1999. Ulaya wakafunga mlango kwa samaki wa ziwa letu, kwa sababu ya habari za wavuvi kutumia sumu. Nyie mlikuwa hamjazaliwa, hamwezi kujua Mwanza ilivyopoa. Asubuhi ile tumefika getini, mlinzi anasoma, anasoma, anafunga daftari. Jina langu halikutoka. Nikamwomba anioneshe tu. Alikuwa mtu mwema, akaniinulia ule ukurasa, na pale lilipokuwa jina langu pamesuguliwa kwa ufutio mpaka karatasi imekuwa nyembamba, jua linapita. Miaka yote ile ya kuamka usiku! Wale wachache wenye barua waliitwa dirishani wakapewa cha mkononi. Sisi tuliambiwa tusizibe njia ya magari.

Sasa nyie mna bahati, sheria ipo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri akuandikie tangu mwanzo: kazi yako ni ipi, umeanza lini, mkataba ni wa namna gani na wa muda gani, saa za kazi, mshahara unakokotolewaje. Saa za kawaida ni 45 kwa wiki, likizo ya mwaka siku 28. Hayo majaribio nayo kwa kawaida hayatakiwi kupita miezi 12, na angalia sana hiyo miezi 6 ya kwanza, maana kabla haijatimia ile kinga ya kuachishwa kazi kwa uonevu haijakufikia. NSSF, ule mfuko wa hifadhi ya jamii, wasikukate zaidi ya asilimia 10, na ukishakatwa, kaangalie mwenyewe kama imefika. Bodi ya mikopo wakichukua asilimia 15 ya mshahara wako wa msingi usilie, ile ndiyo iliyokulaza chuoni Malimbe kwenye godoro zuri.

Haya, chai.

Wajua bibi yenu wa Igogo, ambaye si bibi yenu. Hamjawahi kuuliza nilimpatia wapi. Yeye ndiye alikuwa akiuza chai nje ya lile geti, na mimi ndiye niliyekuwa nikitumwa kwake. Msimamizi yule yule. Mimi karani, na koti langu, nimebeba birika na vitumbua kwenye gazeti, napita katikati ya vijana wa kupakia barafu wananipigia miluzi. Nilikuwa nafika kwake nimefura, yeye ananiambia keti kwanza, kunywa, wasubiri. Nikawa nakaa. Nikajua anaponunua mchele, nikajua nani anamlipa na nani anakopa mpaka mwezi unakufa. Siku ile ya daftari nilikwenda kwake moja kwa moja, sikupita hata nyumbani. Hakunipa pole. Alinipa mwiko. Ada zenu, wewe na Kulwa, zimetoka kwenye sufuria niliyoanzia kwake.

Kwa hiyo usije ukaniambia mama kasema chai ina baraka. Sijasema hivyo. Kama ningepewa ile barua, nisingehitaji sufuria ya mtu. Lakini tena, waliopewa barua wengi wao kazi ile iliwatoka mikononi miaka michache baadaye, na hawakujua hata kukaanga dagaa. Basi hapo nakwama. Usiku nikikumbuka msimamizi nakasirika, nikimkumbuka bibi nacheka peke yangu, baba yako ananiuliza kuna nini.

Baba yako anataka ukatae kesho asubuhi, na uwaambie ni yeye aliyesema. Kwake ni rahisi. Maisha yake yote ametengeneza mashine za boti, mteja ndiye anayesubiri juani. Hajawahi kutumwa na mtu ambaye mwisho wa mwezi anasaini mshahara wake.

Mimi sisemi ukatae, wala sisemi uende. Ofisi unaikalia wewe, sura zao unaziona wewe. Kutumwa kwa sababu wewe ni mgeni, hilo linapita, mgeni mwingine atakuja. Kutumwa kwa sababu wewe ni msichana, hilo halipiti lenyewe, litakufuata mpaka uwe mkurugenzi. Na kwa ulivyonieleza, hili la kwako... hapana. Nimesema sisemi. Ila huyo kijana naye ana miguu. Na hakuna ubaya mtu akiuliza, huku anacheka, zamu ya chai hapa imepangwaje. Hilo si kukataa. Nadhani si kukataa.

Lakini usiulize la zamu kabla hujauliza la mkataba. Ukianza na chai, ukija kwenye mkataba watakuona mgomvi. Waandikie hata kwa barua pepe, maneno machache ya heshima, uwe na nakala na tarehe. Wino kwanza.

Kulwa anakuja huko Ijumaa kwa basi la asubuhi. Amebeba dagaa waliokaushwa vizuri, si wa mchanga, na kipande cha sato wa kukaanga, huyo umle siku hiyo hiyo. Mpe nakala ya mkataba aniletee, nitaiweka kabatini pamoja na vyeti vyenu vya kuzaliwa. Kama hawajakupa, mwambie walikujibu nini, neno kwa neno, na ni nani aliyejibu.

Mama yako,
Kirumba