Mwalimu wako bora mpeleke darasa la awali

Januari 2016, elimu bila ada ilipoanza, nilikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi ya kijijini mkoani Dodoma. Darasa la awali peke yake liliandikisha watoto 140, wakati mwongozo unataka mwalimu mmoja kwa watoto 25. Walimu wangu hodari niliwapanga darasa la nne na la saba, kwenye mitihani ya taifa. Awali nikampa mwalimu aliyebakiza miezi michache astaafu. Leo nafundisha chuo kikuu, watoto wa umri ule ndio utafiti wangu wote, na uamuzi ule bado unaniuma.

Asubuhi moja mwalimu yule aliumwa, nikaingia mwenyewe. Watoto wakahesabu kwa sauti moja hadi ishirini, bila kukosea. Nikafurahi. Kisha nikamwaga vizibo vya soda mkekani, nikamwambia mvulana wa mbele, "Nipe vinne." Akavikumba vyote kwa mikono miwili, akanikabidhi huku akitabasamu. Nikamgeukia wa pili, wa tatu, hadi wa kumi. Wawili tu ndio waliopata. Kumbe tulikuwa tumewafundisha wimbo.

Jioni ile nilinunua daftari dukani. Kila nilipopita awali niliandika tarehe, mtoto alichofanya, na maneno yake mwenyewe, hata aliposema Kigogo. Nilipoomba ruhusa ya masomo ya uzamili, swali la utafiti lilikuwa tayari humo. Kwa hiyo wewe mwalimu mkuu unayetamani utafiti, usianzie maktaba. Anzia mkekani, uandike ulichokiona siku hiyohiyo, maana kesho utakumbuka ulichotaka kukiona.

Utafiti mkubwa wa fani hii nao ulianzia shuleni. David Weikart alikuwa msimamizi katika shule za umma za Ypsilanti, Michigan, akiona watoto weusi wa familia maskini wakifeli mwaka hadi mwaka. Mwaka 1962 akaanzisha darasa la awali. Watoto 123 wakafuatiliwa hadi umri wa miaka 40, na waliopita darasa lile walimaliza sekondari kwa wingi zaidi na kupata kipato kikubwa kuliko wenzao ambao hawakulipita. Kwetu Tanzania, Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 iliufanya mwaka mmoja wa awali kuwa wa lazima, lakini ni mwalimu gani afundishe darasa hilo anaamua mwalimu mkuu anapopanga ratiba.

Muhula wa pili nilimhamishia awali mwalimu wangu bora wa darasa la saba. Kamati ya shule ilinijia juu, na yeye mwenyewe alinuna wiki mbili akidhani nimemshusha. Nilikaa naye, nikamwonyesha daftari. Akalisoma kimya, akaniomba vizibo.

Novemba nilimwambia tena mvulana yule anipe vinne. Akavihesabu kimoja kimoja kiganjani mwangu, akasimama, akaniuliza, "Mwalimu, nikuongeze?"