Helikopta ya rimoti ya kuanzia, nichukue ipi?

SWALI: Habari za kazi wapendwa. Mimi ni mtu mzima kabisa lakini hizi helikopta za rimoti zimenikamata, msinicheke. Nimeona moja ya chaneli 3 (yaani miondoko mitatu unayoiongoza kwa rimoti) ya bei poa na nyingine ya chaneli 6 ile inapinduka kichwa chini hewani, na roho yangu iko kwa hiyo ya pili. Binamu yangu anasema nichukue kubwa moja kwa moja nisitoe hela mara mbili. Ni kweli? Halafu mwanangu anayo ndogo, ndani inaruka fresh ila ikitoka nje mchana haisikii rimoti kabisa, ni betri?

JIBU: Binamu yako anakupoteza ndugu yangu, tena hela utatoa zaidi ya mara mbili maana ya chaneli 6 ikianguka mara moja tu unaweza kununua mapanga, shafti na mkia kwa mpigo. Hiyo inabadilisha mlalo wa mapanga mpaka yanasukuma hewa kuelekea upande wa kichwa chake badala ya miguu, ndo maana inaruka imepinduka, na nyingi ukiachia vijiti hazijisawazishi zenyewe, inaendelea kulala ilikolalia mpaka ardhini.

Anza na yenye mapanga ya ghorofa mbili. La juu linazunguka huku, la chini kule, kila moja linafuta nguvu ya mwenzake inayotaka kuzungusha mwili, kwa hiyo inatulia hata mkono wako ukitetemeka. Chaneli 3 inapanda na kushuka, inageuka, inaenda mbele na nyuma basi, kwenda ubavu hakuna, ukiweza ongeza kidogo uchukue ya 4. Upepo haiuwezi, hata feni tu itaisumbua.

Ya mwanao siyo betri. Inaelekea inatumia infraredi, mwanga usioonekana kwa macho kama wa rimoti ya TV, na jua lina mwanga huohuo kwa wingi, rimoti inamezwa. Wewe tafuta iliyoandikwa 2.4 GHz, hiyo ni redio, jua haliihusu.

Kujifunza sasa, mkia ukuelekee wewe muda wote mpaka uweze kuisimamisha hewani sehemu moja, maana pua ikikugeukia kushoto inakuwa kulia na hapo ndo wengi wanavunja. Na usiogope kuipandisha! Wageni wanaing'ang'aniza usawa wa kisigino wakidhani ndo salama, kumbe hewa inayosukumwa chini inagonga sakafu na kuiyumbisha, ipeleke usawa wa kiuno utaona inavyotulia. Ukiona inaenda kugonga kata moto, yaani shusha kijiti cha nguvu mpaka chini, kabla mapanga hayajagusa kitu, japo mkono utataka kuongeza, panga lililosimama halivunjiki kirahisi.

Betri nyingi ni za LiPo (lithiamu polima), seli moja ikijaa ni volti 4.2 na usiishushe chini ya 3, ikianza kulegea tua, usikamue. Dakika 5 mpaka 8 kwa hizi ndogo ni kawaida, ipumzishe mota ipoe kabla ya kuweka betri nyingine. Iliyovimba usiichaji tena, na usilale ukaiacha kwenye chaji, hizi zinawaka moto kweli.

Kabla hujalipa muulize muuzaji spea za mapanga na mkia za modeli hiyohiyo, akianza kujiumauma iache hapohapo.