Barua kwa mwanangu: fomu inapouliza kama wewe ni "financially independent"

Mwanza

Mwanangu mpendwa,

Umeniandikia kwamba fomu ya ufadhili wa masomo ya nje inauliza kama wewe ni "financially independent", yaani unajitegemea kifedha. Kwa kuwa una mshahara, unalipa pango lako na kila mwezi unatuma chochote nyumbani, unataka kuweka tiki kwenye "ndiyo". Subiri kwanza, mama. Neno hilo lina matumizi matatu, na ukichukua moja mahali pa jingine utaandika lisilo kweli bila kukusudia.

"Depend" limetoka kwenye Kilatini, na asili yake ni kuning'inia. Kwa hiyo "independent" ni asiyening'inia. Kiswahili kimechagua picha nyingine: kutegemea ni kuweka uzito wako mahali, kama mgomba wenye mkungu mzito unaoshikiliwa na nguzo. Lakini picha zote mbili zinaacha swali lilelile: unaning'inia kwenye nini, unamtegemea nani? Neno halikamiliki mpaka swali hilo lijibiwe. Ndiyo maana tafsiri ya "uhuru wa kifedha" hainiridhishi, inaficha swali.

Katika mazungumzo ya kawaida, jibu ni watu. Mtu akisema "I am financially independent of my parents", anasema tu kwamba hapewi pesa na wazazi. Anaweza kuwa na mkopo, na kazi yake inaweza kuisha kesho. Mchuuzi wa dagaa pale Mwaloni anayejilipia chumba, chakula na ada za watoto anaingia humo, ingawa mbalamwezi ikiwa kali taa za wavuvi hazivuti dagaa na mapato yake yanapungua. Hapo tumia "of". "From" imezoeleka zaidi kwa nchi iliyojitoa kwenye utawala wa nchi nyingine. Na angalia tahajia: "independent" huishia na -ent. Ukikuta "dependant" yenye -ant katika fomu ya Kiingereza cha Uingereza, hiyo ni nomino, mtegemezi. Wamarekani huandika -ent kote.

Matumizi ya pili ni ya fomu, na hapa hisia zako hazihesabiwi kabisa. Anayeitoa fomu ndiye anayeamua maana. Tazama jinsi nchi zinavyopishana. Katika msaada wa masomo wa serikali kuu ya Marekani, mwombaji huhesabiwa hategemei wazazi akiwa ametimiza miaka 24, au ameoa au kuolewa, au anasoma shahada ya juu baada ya ile ya kwanza, pamoja na masharti mengine machache. Kijana wa miaka 21 anayejilipia kila kitu bado huhesabiwa mtegemezi, hata kama wazazi hawampi senti. England, kwa upande wake, huangalia umri wa miaka 25, lakini pia humkubali aliyejitegemea kwa mapato yake kwa angalau miaka 3 kabla ya kuanza kozi. Mshahara uleule, majibu mawili. Wafadhili wako wana masharti yao, si haya. Nimekutajia ili uone kwamba neno halina maana mpaka usome ukurasa wa maelezo.

Pesa unazotutumia hazibadilishi jibu lako kwenye swali hilo. Huenda zikaingia penye swali la wategemezi ulio nao, nalo lina masharti yake: fomu nyingine huhesabu watoto tu, nyingine huongeza mzazi unayemtunza kwa sehemu kubwa.

Matumizi ya tatu ndiyo yanayovuma sasa mitandaoni, na ndiyo yanayochanganya vijana zaidi. Hapo jibu ni kazi: hutegemei kufanya kazi ili uishi. Mali zako zinaingiza kinachotosha matumizi yako, ulale au uamke. Maana hii si ngeni. Waingereza wa zamani waliita kipato cha namna hiyo "an independence". Kipimo kinachotajwa sana kilitokana na hesabu za mshauri wa fedha Mmarekani, William Bengen, mwaka 1994: ukichukua asilimia 4 ya akiba mwaka wa kwanza, kisha ukiongeza kiasi hicho kwa mfumuko wa bei kila mwaka, akiba ilidumu angalau miaka 30. Ndipo watu wakapata "mara 25": akiba iwe mara 25 ya matumizi yako ya mwaka, kwa kuwa asilimia 4 ni sehemu moja ya 25. Ukitumia shilingi 600,000 kwa mwezi, ni 7,200,000 kwa mwaka, na mara 25 ni 180,000,000. Usiichukue hesabu hiyo kama ilivyo. Aliipima kwa hisa na hatifungani za Marekani, si kwa shilingi yetu.

Hata mwenye vyumba sita vya kupangisha Buhongwa, kila kimoja 50,000 kwa mwezi, hana 300,000 za uhakika. Chumba kimoja kikikaa wazi ni 250,000. Toa ukarabati wa paa, kodi, na choo kinachojaa. Kinachobaki ndicho cha kulinganisha na matumizi yake, na wengi hujidanganya hapa kwa kuhesabu kinachoingia tu.

Majirani wa neno hili usiwachanganye. "Self-employed" ni aliyejiajiri, naye anaweza kuwa na madeni hadi shingoni. "Solvent" ni mwenye uwezo wa kulipa madeni yake yanapofika. "Self-sufficient" ni anayejitosheleza kwa mahitaji yake bila kuhitaji msaada. "Self-reliance" ndilo neno lililochaguliwa kwa kujitegemea katika Kiingereza cha Azimio la Arusha, mwaka 1967, nalo linagusa tabia na juhudi kuliko fedha.

Sasa chukua fomu, tafuta ukurasa wa maelezo, na usome neno hilo lilivyofafanuliwa. Kama wanataka miaka ya kujitegemea, hesabu tangu mshahara wa kwanza, na uambatanishe hati za mshahara na mkataba wa pango. Kama hawajafafanua, waandikie uulize kabla ya kuweka tiki, na jibu lao ulihifadhi. Nipigie picha ukurasa huo, tuusome pamoja kabla hujaweka sahihi.

Mama yako