Roboti ya Magurudumu kwa Bei Nafuu: Enkoda Kwanza, Kamera Baadaye

Wengi wanaoniomba ushauri wa kuunda roboti ya magurudumu kwa ajili ya utafiti huanza kwa kuulizia kamera. Mimi huwarudisha chini, kwenye magurudumu. Roboti isiyojua imesogea kiasi gani haitakupa data ya kuaminika, hata uifunge kamera ya bei gani.

Umbo ni rahisi: magurudumu mawili, kila moja na mota yake, na kigurudumu huru nyuma. Fremu isikuumize kichwa, kipande cha plywood kinatosha. Fedha ziende kwenye mota zenye enkoda, yaani kifaa kinachohesabu gurudumu limezunguka kiasi gani.

Zile mota za njano za plastiki, ambazo ndizo za bei rahisi kuliko zote, mara nyingi huuzwa na kisahani chenye matundu 20, ambayo kihisio huyahesabu gurudumu linapozunguka. Piga hesabu. Gurudumu la kipenyo cha milimita 65 lina mzingo wa milimita 204 hivi, kwa hiyo tundu moja ni kama sentimita nzima ya safari. Kwa kujifunzia, sawa. Kwa utafiti, hapana. Isitoshe, kihisio kimoja kinahesabu tu, hakijui kama gurudumu linakwenda mbele au linarudi nyuma. Tafuta enkoda ya vihisio viwili iliyofungwa kwenye mhimili wa mota yenyewe, kabla ya gia. Hapo utapata mamia ya mapigo, yaani hesabu za kihisio, kwa kila mzunguko wa gurudumu.

Kuhusu umeme: mota na kompyuta kila moja iwe na njia yake. Mota ikianza ghafla huvuta mkondo mkubwa, volti zinashuka, kompyuta inazima katikati ya jaribio na data yote inapotea. Inauma sana. Waya hasi tu ndizo ziunganishwe pamoja. Bodi ya L298N, ya kuendeshea mota, imeenea kila mahali, lakini hupoteza kama volti 2 kwa joto. Kwa mota ndogo mimi huchukua TB6612FNG.

Kisha pima. Borenstein na Feng wa Chuo Kikuu cha Michigan walibuni jaribio la UMBmark, la kupima makosa ya mwendo wa roboti, miaka ya 1990, na hadi leo sijaona la kulishinda kwa urahisi wake: roboti izunguke mraba wa mita 4 kwa 4, mara 5 kulia na mara 5 kushoto, nawe upime iliishia mbali kiasi gani na ilipoanzia. Usiruke upande mmoja. Kosa la vipenyo vya magurudumu kutolingana na kosa la umbali kati ya magurudumu huweza kufichana ukizunguka upande huu, kisha yakajumlishana upande ule. Na ukibadilisha tairi, hata moja, rudia jaribio lote.